Muziki wa Game of Thrones: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Game of Thrones, tamthilia ya televisheni kuhusu koo zinazogombea kiti cha enzi, ilimalizika Mei 2019, na hadi leo watu wananiuliza kuhusu muziki wake kuliko wanavyoniuliza kuhusu hadithi yenyewe. Wengi waliitazama mara moja, wakaumizwa na vifo, wakakasirishwa na msimu wa mwisho, lakini lahani zimewaganda kichwani. Maswali yao nimeyakusanya hapa na kuyajibu kadiri nijuavyo. Ninachokiamini, na utakiona kikijirudia, ni kwamba katika Game of Thrones muziki huwa unajua mambo kabla ya wahusika kuyajua. Mfalme anaweza kudanganywa, mama mzazi anaweza kudanganywa. Wapiga ala hawadanganyiki.

Sijamaliza kuitazama. Nisome?

Hapana, katazame kwanza. Ni misimu 8, sehemu 73. Majibu haya yanataja nani anakufa na anakufaje, maana muziki wenyewe umefungamana na vifo hivyo, na siwezi kuufungua huu bila kuvifungua na vile.

Nani aliutunga?

Ramin Djawadi. Alizaliwa mwaka 1974 huko Duisburg, Ujerumani, baba yake Mwirani na mama yake Mjerumani. Alisomea muziki katika chuo cha Berklee mjini Boston, kisha akafanya kazi chini ya Hans Zimmer. Tuzo ya Emmy ya utunzi wa muziki aliipata mara mbili kwa tamthilia hii, mwaka 2018 na 2019.

Kuliko tuzo, mimi nathamini zaidi kwamba misimu yote 8 aliitunga yeye. Mtunzi akikaa na hadithi moja tangu 2011 hadi 2019, anaweza kupanda mbegu msimu wa kwanza na asiivune mpaka wa sita. Ndivyo alivyofanya.

Mbona selo imetawala kila mahali?

Selo ni ile fidla kubwa inayosimamishwa katikati ya magoti ya mpigaji. Aliyewahi kuhudhuria taarabu ya Unguja ameiona ikinguruma nyuma ya fidla na kanuni. Sauti yake inakaribia sauti ya mtu mzima anayezungumza taratibu, mtu aliyezika wengi. Djawadi aliichagua iwe sauti kuu kwa sababu dunia ya hadithi hii ni ya giza.

Kuna na upande wa pili wa uamuzi huo. Watayarishaji, David Benioff na D. B. Weiss, walimwomba asitumie filimbi, kwa kuwa filamu za ngano zimeitumia hadi imechakaa. Unaweza kudhani ni jambo dogo. Lakini filimbi ingetuambia tuko katika nchi ya hadithi za watoto, ambako mwema hupata shida kidogo halafu akashinda. Ned Stark ni mwema na kichwa chake kinakatwa katika sehemu ya 9 ya msimu wa kwanza. Tungeahidiwa na filimbi kitu ambacho hadithi haikuwa na nia ya kutupa.

Wimbo wa ufunguzi unasema nini?

Unasema safari, na unasema kwamba hakuna cha kutegemea.

Safari inaonekana kwa macho: ramani inajengeka, magurudumu yanazunguka, miji inachomoza, na ramani yenyewe hubadilika kulingana na hadithi inakoelekea. Mdundo nao hausimami. Selo inashika lahani, fidla zinaipokea, na ngoma chini zinasukuma kama msafara usioruhusiwa kupumzika.

Hilo la pili linahitaji sikio. Pale mwanzo kabisa kuna noti nne zinazojirudia. Zisikilize mara kadhaa. Baada ya kuzunguka kwa namna moja, noti moja kati ya zile nne inapanda nusu hatua, basi, na huzuni inageuka kitu kinachofanana na tumaini. Halafu tumaini linaondolewa. Huhitaji kujua majina ya kitaalamu ya mabadiliko hayo, mwili unayasikia. Hadithi nzima imekaa ndani ya ile nusu hatua: rafiki wa asubuhi si rafiki wa jioni, na umbali kati ya hali hizo mbili ni mdogo mno.

Kwa nini watu wanazungumza sana kuhusu "The Rains of Castamere"?

Jibu hili litakuwa refu, na msomaji wa Kiswahili ana bahati hapa kuliko msomaji mwingine yeyote. Ule wimbo ni mpasho.

Nianze na asili yake. Maneno yanatoka katika vitabu vya George R. R. Martin, lahani ni ya Djawadi. Kisa chake: ukoo wa Reyne wa Castamere uliinua kichwa mbele ya ukoo wa Lannister. Tywin Lannister, akiwa bado kijana, akaufuta ukoo mzima, asibaki hata mtoto. Sasa mvua inanyesha juu ya ukumbi mtupu na hakuna wa kuisikia. Ndiyo maana ya wimbo. Kwa masikio ni wimbo wa maombolezo, mpole kabisa. Kwa anayejua historia ni onyo: nilimfanyia fulani, nitakufanyia na wewe.

Angalia jinsi tulivyolishwa kidogo kidogo. Mwanzoni mwa msimu wa 2, Tyrion, mwana wa Tywin, anapiga mluzi wa lahani hiyo, na mtazamaji hata hageuki. Katika sehemu ya 9, usiku wa vita vya Blackwater, Bronn anauimba na askari wakiwa na vikombe mkononi, na sehemu inapoisha bendi ya The National inauimba wote. Msimu wa 3, kwenye harusi ya Tyrion na Sansa, Cersei, binti wa Tywin, anamsimulia Margaery, mchumba wa mfalme Joffrey, kisa cha Castamere. Vitisho vya waziwazi vinakuja mwishoni. Kwanza anamsimulia hadithi tu, huku anatabasamu. Mwanamke yeyote wa mwambao anajua kinachofanyika pale.

Sehemu inayofuata ndiyo Harusi Nyekundu, karamu ambamo kina Stark wanauawa na wenyeji wao, kina Frey.

Niliitazama na shangazi yangu, mtu wa Tanga, aliyekulia kwenye taarabu ya Black Star na Lucky Star. Kiingereza hakimpandi na ile hadithi hakuifuata. Alikaa sebuleni kwa kuwa ndiko kwenye mwanga mzuri, ungo mapajani, akichambua mchele wa kesho. Karamu inaendelea, watu wanakunywa, maharusi wamesindikizwa chumbani, Catelyn Stark, mjane wa Ned, ametulia kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Mlango wa ukumbi unafungwa. Wapiga muziki walio juu roshani wanaacha nyimbo za shangwe na kuanza lahani nyingine, polepole. Shangazi hakuinua hata macho. Vidole vikaacha mchele. Akaniuliza:

"Wamebadilisha wimbo. Umetumwa kwa nani huo?"

Nikamwambia, kwa yule mama, shangazi. Ndipo Catelyn akageuka, akautazama mkono wa Roose Bolton aliyeketi karibu naye, akapandisha ile nguo na kuona deraya ya chuma chini yake.

Shangazi aliupata ule msiba kabla ya deraya kuonekana, kwa njia ileile aliyoupata Catelyn. Kwenye taarabu mtu hainuki akamtaja hasimu wake. Anaomba wimbo wake, au unapopigwa anainuka kwenda kumtunza mwimbaji, noti mkononi, mabega yanacheza, na macho yako kwa yule anayehusika. Ukumbi mzima unajua. Aliyetumiwa ndiye anayejua zaidi kuliko wote, na hana la kujibu kwa kuwa hakutajwa. Frey na Bolton walimtumia Catelyn salamu za Tywin Lannister, na waliziweka kwenye wimbo kwa sababu walitaka aelewe kabla ya kufa. Huo ndio ukatili wenyewe. Mishale ilikuja baadaye.

Msimu wa 4, harusi ya Joffrey, wimbo uleule unapigwa na bendi ya Sigur Rós ya Iceland, nao wameonekana wenyewe kwenye karamu. Joffrey anawarushia sarafu ili wanyamaze. Karamu ileile haijaisha, naye ameshakufa kwa sumu. Wimbo wa ushindi wa ukoo wake ukageuka wa kumsindikiza. Tangu hapo, kila lahani ile ilipopita chini ya mazungumzo ya kina Lannister, sikuisikia tena kama sauti ya nguvu yao. Niliona ule ukumbi mtupu unaonyeshewa mvua, na niliona kwamba ni wa kwao.

Je, kila ukoo una muziki wake?

Takriban. Kina Stark wana lahani ya huzuni ya selo na fidla, ambayo msimu wa kwanza inasikika Jon Snow anapoagana na nduguze. Ukiisikiliza vizuri ni muziki wa kuachana, na watu wale wanatumia misimu 8 kutafutana. Wafu wa kaskazini wana sauti nyembamba za kioo, kali kama meno yanapogusa barafu. Wadothraki wamepewa ngoma nzito na ala ya upepo yenye sauti inayokaribia zumari.

Kina Lannister, ukiangalia, hawana kingine zaidi ya ule wimbo wa Castamere. Ukoo tajiri kuliko wote, na muziki wake ni kumbukumbu ya mauaji.

Muziki ulitudokeza kwamba Daenerys angeishia alikoishia?

Swali hili ndilo linalowagombanisha watu zaidi, na nitasema ninavyoliona mimi.

Lahani ya Daenerys, malkia mwenye majoka, inaanza ndogo mwishoni mwa msimu wa kwanza, pamoja na majoka yenyewe yakiwa machanga begani. Kadiri yanavyokua ndivyo inavyokua: ngoma zinaongezwa, kwaya inaongezwa. Kule Astapor, msimu wa 3, sehemu ya 4, anamkabidhi bwana wa watumwa joka, anachukua jeshi, kisha anaagiza joka limchome yule bwana. Kwaya inapanda na sote tunashangilia. Mimi nilishangilia, na yule bwana alistahili.

Lakini rudi uitazame tena ukiwa unajua mwisho. Wimbo mtukufu kuliko yote ya Daenerys umefungwa, tangu siku ile, na mtu anayeungua. Kila alipochoma, muziki ulitwambia ni haki. Sehemu ya 10 ya msimu huohuo, watumwa waliokombolewa wanambeba juu wakimwita mama, na kwaya ileile ya ukombozi inatanda. Uokoaji na moto vimepewa sauti moja. Kwa hiyo anapouchoma mji mzima wa King's Landing msimu wa 8, wengi walisema hawakuandaliwa. Hadithi iliharakishwa, hilo nakubali bila kubishana. Muziki ulikuwa umesema tangu 2013, ila sisi tulikuwa upande wake na tukausikia kama sifa.

Na kengele! Mji mzima unalia zipigwe kengele, kwa kuwa ndiyo ishara ya kusalimu amri. Zinapigwa. Sauti iliyopaswa kuwaokoa watu ndiyo anayoisikia kabla ya kuwateketeza. Katika tamthilia iliyotuzoesha kuamini sauti, sijui kisa kingine kinachoumiza kama hicho.

Ile piano ya msimu wa 6 ina siri gani?

Siri ni kwamba haikuwahi kuwepo.

Sehemu ya 10 ya msimu wa 6 ni sehemu ya 60 tangu tamthilia ianze. Inafunguka asubuhi ya kesi ya Cersei: watu wanavaa. Cersei anavaa, Tommen anavaa, Margaery anavaa. Chini yake inaingia piano, noti moja moja, zina nafasi katikati. Nakumbuka nilinyoosha mkono kuifuata rimoti nikidhani kuna sauti imeingilia kutoka kwingine. Sehemu 59 zilikuwa zimenifundisha sauti za dunia ile bila mimi kujua kwamba nafundishwa, na hii haikuwa mojawapo.

Ndicho walichokitaka Djawadi na mwongozaji Miguel Sapochnik. Wangeanza na selo, mtazamaji angejiweka tayari, maana selo anaijua. Piano haikumwachia pa kushika. Ule muziki, uitwao "Light of the Seven", unaendelea karibu dakika 10 na maneno ni machache sana. Selo inaingia baadaye. Halafu sauti za wavulana wawili wanaimba, sauti safi kama za kanisani, na wakati huohuo picha zinatuonyesha watoto wakiwa na visu. Watoto wanamuua Pycelle. Mtoto anamchoma Lancel chini ya hekalu na kumwacha akijikokota gizani kuelekea mishumaa iliyosimama ndani ya kimiminika cha kijani kinacholipuka. Juu, Margaery ndiye peke yake anayeelewa: kama Cersei hajaja, kuna kitu. Anajaribu kutoka, anazuiwa. Ogani inapanda na kujaa, na hekalu linakwenda na wote waliomo.

Kwa nini piano, ogani na wavulana? Ni sauti za ibada. Cersei anawaua washika dini ndani ya nyumba yao, kwa muziki wa nyumba yao. Anayetaka kujua tamthilia hii inafikiri nini kuhusu mamlaka yanayojivika utakatifu, na mamlaka yanayolipiza kisasi, asitafute kwenye mazungumzo. Yamo humo.

Piano ikarudi msimu wa 8, usiku wa vita vya Winterfell, Mfalme wa Usiku, kiongozi wa wafu, anapomkaribia Bran Stark. Makelele ya vita yanafifia, vinabaki vidole juu ya piano, na anayekumbuka msimu wa 6 anajua mara iliyopita ilimaanisha kila mtu anakufa. Mtego huo ulitegwa kwa kumbukumbu yetu. Safari hii Arya, dada yake Bran, anaruka kutoka gizani, na piano ikawa imetudanganya kwa mara ya kwanza.

Palipo kimya je?

Kimya kinafaa kuhesabiwa kama muziki. Harusi Nyekundu inaisha na majina ya watengenezaji yanapita bila sauti yoyote, wakati tulishazoea kusindikizwa. Upanga unapomshukia Ned, sauti za umati zinazama na tunaachiwa pumzi. Kule Hardhome, msimu wa 5, Mfalme wa Usiku anainua mikono, wafu wanafumbua macho, na hakuna fidla ya kutwambia tuogope. Filamu zetu nyingi huku, nasema kwa mapenzi kwa kuwa nazitazama, huweka kinanda cha huzuni juu ya kila chozi tangu dakika ya kwanza. Chozi la kweli linapofika, kinanda hakina tena pa kwenda. Natamani watunzi wetu wajaribu kuiacha ile Hardhome iwafundishe.

Vipi kuhusu wimbo wa Podrick kabla ya vita?

Msimu wa 8, sehemu ya 2. Watu wamekaa karibu na moto wakijua kesho wengi hawatakuwepo, na Tyrion anaomba wimbo. Podrick, kijana mtumishi ambaye hakuna aliyemtarajia, anaanza kuimba kuhusu Jenny na mizimu asiyotaka kuachana nayo. Picha zinapita kwa wapendanao na walinzi na mtu anayevaa silaha peke yake. Mwishoni Florence + the Machine wanaurudia. Hakuna hila ndani yake na haukutumwa kwa yeyote. Baada ya misimu 7 ya nyimbo zenye visu, kusikia mtu anaimba kwa sababu tu wenzake wanaogopa, kwangu ndiyo dakika bora kuliko zote za msimu ule.

Kuna mahali muziki ulikosea?

Kwa sikio langu, ndiyo. Msimu wa 3, sehemu ya 3, Jaime anakatwa mkono na papo hapo gitaa za roki zinalipuka na wimbo wa dubu na msichana. Nimesoma hoja za wanaoutetea, kwamba dunia ile inacheka juu ya maumivu. Naelewa. Bado kila nikiutazama natolewa nje ya hadithi, wakati nilitaka kubaki na Jaime kwenye ule mshtuko wake.

Sijui nadharia ya muziki. Nianzie wapi kusikiliza?

Chukua "The Rains of Castamere" peke yake. Itafute kuanzia mluzi wa Tyrion, uimbaji wa Bronn, ukumbi wa Frey, hadi harusi ya Joffrey. Uisikilize ukiwa umefumba macho, na kila mara ujiulize swali la shangazi: umetumwa kwa nani huo? Baadaye nenda kwenye "Light of the Seven", kwa spika za masikioni, usiku, bila kufanya kazi nyingine. Anayependa taarabu au kaswida atafika haraka kuliko anavyodhani.

Na muziki wa mwisho kabisa?

Sehemu ya 73. Ndugu wa Stark waliobaki wanatawanyika: Sansa anavikwa taji Winterfell, Arya anasafiri baharini kuelekea magharibi, Jon anapita lango la Ukuta kwenda kaskazini na watu huru. Lahani ya ufunguzi, ile tuliyoisikia na selo mwanzoni mwa sehemu baada ya sehemu, inarudi ikiimbwa na kwaya. Hakuna ramani tena wala magurudumu. Lango linashuka nyuma ya Jon, farasi wanaingia msituni, na sauti za watu zinaendelea kuimba mpaka miti inawameza.